Mwalimu Aliyeosha Gorfa

Vumbi la Isiolo halikumweza mtu yule. Lilituweza sisi wengine wote. Lilipaka rangi moja mbuzi, mashehe, makarani wa serikali na malori yaliyongoja kizuizi cha barabara kifunguliwe yaende kaskazini. Lakini mwalimu wetu wa fizikia aliingia darasani kila asubuhi viatu vikiwaka. Alificha kitambaa ndani ya soksi. Akifika mlangoni aliinama, akapangusa cha kushoto, akapangusa cha kulia, ndipo akasema, "Kaeni." Wakati huo tulikuwa tumeshakaa zamani.

Alitoka juu, Meru, kwenye migomba na ukungu. Sisemi zaidi kuhusu kwao kwa sababu yeye mwenyewe hakusema. Ukimwuliza ukoo wake alikujibu kwamba chuma kilichomo ndani ya damu yake kilitoka kwenye nyota iliyopasuka, basi anza kuhesabu mababu kutoka huko. Wazee wa Kisomali waliokaa nje ya duka la nguo, watoto wa askari wa zamani wa Mwingereza, walimpenda kwa jibu hilo, na pia walimwona ana kichaa kidogo. Mmoja wao alimwuliza kila alipopita, "Mwalimu, nyota imepasuka leo?"

"Bado, mzee."

"Haya. Insha'Allah kesho."

Mzee alitania, lakini mwalimu hakutania. Alikuwa na haja moja duniani na mji mzima uliijua: kuona kwa macho yake mwenyewe nyota ikipasuka. Hakutaka kimondo, kile kijinga kinachopita mbio. Alitaka supanova, nyota nzima ikiaga dunia yake kwa mwanga mmoja mkubwa. Alitueleza kwamba mara ya mwisho watu walipoiona moja waziwazi, bila darubini, Wareno walikuwa Mombasa na ngome yao ingali mpya. Nyingine ingeweza kuja jioni hii, au ije baada ya wajukuu wa wajukuu wetu kuzikwa. Kwa hiyo kila siku, adhana ya magharibi ikiisha, alisimama nyuma ya nyumba za walimu akiikagua mbingu, mkono kiunoni, kama mfugaji anayetazama ng'ombe wakirudi bomani. Alizijua nyota zote. Alikuwa akitafuta iliyozidi.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alipenda kutuambia, hasa tuliposhindwa kusoma kipimajoto. Methali hiyo ilikuwa fimbo yake. Nyingine hakuwa nayo. Katika miaka yote niliyomjua, kwanza kama mwanafunzi, kisha kama jirani, na mwisho kama mwalimu mwenzake mjini, sikumwona akimpiga mtoto.

Ujirani wetu ulianza vibaya. Mama yangu aliuza maziwa, na nyumba yetu ilitazamana na ya mwalimu. Alipohamia, mama alimpelekea maziwa ya kumkaribisha, tena ndani ya gorfa yake mwenyewe, si vyombo vya biashara. Gorfa ni chombo cha maziwa cha sisi Waborana, kinasukwa kwa nyuzi za mizizi mpaka hakivuji hata tone. Kabla ya kukitia maziwa, mwanamke huchoma vijiti vya ejers, mzeituni wa porini, akakifukiza kwa ndani. Moshi huo unayalinda maziwa na kuyapa utamu wake. Sisi tukionja maziwa tunajua yametoka nyumba ya nani.

Mwalimu alionja akakunja uso. "Haya maziwa yameungua," aliniambia, kwa upole, kama anayenipa pole.

Lakini alikuwa amelelewa vizuri, na kwao chombo cha mtu hakirudishwi kichafu wala kitupu. Basi akakiosha. Alichemsha maji, akatia Omo, akasugua kwa mchanga na brashi, akaanika juani. Alipokuja kukirudisha, viatu vikimeta, gorfa ilikuwa imejaa ndizi mbivu na yeye amejaa tabasamu.

Mama alitoa ndizi, akaingiza pua ndani ya gorfa kama afanyavyo kila mwanamke wa kwetu akipokea chombo chake. Akakaa chini.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "hii kitu umeosha si chombo. Umeosha mama yangu."

Gorfa ile ilisukwa na nyanya yangu, huko Biliqo. Aliifukiza miaka yake yote, akampa mama siku ya harusi, akafa. Mama naye akawa anaweka moshi wake juu ya moshi ule. Nyanya hakuacha picha wala kaburi tulilolijua. Alichoacha kilikuwa ndani ya gorfa, na sasa ilinuka sabuni.

Mwalimu alisimama pale na ndizi zake. Mtu mwingine angeomba msamaha mara moja. Yeye, akiwa yeye, aliuliza kwanza, "Mama, moshi unaingia ndani ya nyuzi kiasi gani?" Mama alitafuta kitu cha kumrushia. Ndipo mwalimu akaelewa, nadhani, kwa sababu uso wake ulibadilika. Akavua viatu vile, akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake iliyopigwa pasi, akasema, "Nimekosa, mama. Nimekosa vibaya."

Tangu siku hiyo, kila alipokwenda kwao alirudi na mzigo wa vijiti vya ejers, kwa sababu huko juu mti huo unaota vizuri kuliko kwetu. Abiria wenzake walishuka na ndizi, viazi na mafurushi ya miraa. Yeye alishuka na kuni. Mama alivipokea bila kusema asante, mpaka siku moja akasema, na baada ya hapo wakawa kama dada na kaka wanaogombana kila siku.

Nilikuwa kidato cha tatu nilipoona alichofanya na aibu ile. Aliingia darasani ameikumbatia gorfa. Mama alikuwa amemkopesha baada ya kumwapisha kwa Mungu wake na wetu. Akaipitisha dawati kwa dawati tuinuse.

"Moshi uko wapi?"

Tulichungulia. Hakuna aliyeuona.

"Sasa mnajuaje ulikuwako?"

"Inanuka, Mwalimu."

"Na ni mti gani ulichomwa?"

"Ejers!" tukajibu sisi wa Kiborana na wa Kisomali. Wale wa kutoka Meru wakatazamana.

"Vizuri. Sasa twende mbali."

Akatupeleka mbali kweli. Kuna galaksi, alisema, zenye umbo la yai. Si kama yetu, yenye mikono inayozunguka, ambamo nyota changa bado zinazaliwa. Zile za yai ni wazee watupu. Nyota zake ni za kale, zina wekundu wa makaa yanayokwisha, na watoto hakuna. Zamani wataalamu walidhani ndani yake hamna kingine. Lakini siku hizi, alisema huku akitembea mbele ya ubao kwa furaha, wamerusha vyombo juu kabisa, kupita hewa, vyenye jicho la kuona miale kama ile ya eksirei ya hospitali. Na wamekuta zile kubwa zimejaa gesi ya moto, joto la mamilioni ya digrii. Nyingi ya gesi hiyo ni pumzi za nyota zenyewe, zilizotoka kidogo kidogo zilipokuwa zikizeeka. Kwa kuwa ni ya moto mno, haitulii ikajikusanya ikawa nyota mpya. Inaelea tu.

"Haizai," alisema. "Lakini msiseme ni tasa."

Kwa sababu katikati ya wazee hao mna nyota zilizokwisha kufa, ndogo na nzito ajabu, na nyingine kati yake zinaishi bega kwa bega na jirani. Mfu anamnyonya jirani yake, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka anashiba kupita kiasi chake. Anapasuka asibaki kitu. Na anachokitupa ni chuma, chuma kingi kuliko chote kilichomo ndani ya jua letu. Chuma hicho kinaingia ndani ya gesi ya moto na kuchanganyika nayo. Anakuja mwingine anapasuka, chuma juu ya chuma. Galaksi ndogo haina nguvu ya kuishika gesi yake, inavuja. Kubwa ina kifuniko, na kifuniko chake ni uzito wake. Wataalamu wakiichunguza miale ya gesi ile wanakuta alama ya chuma humo, wanajua ni nini kiliungua, ingawa kilichoungua hakipo tena.

"Wananusa," alisema, akainua gorfa juu. "Wananusa tu, kama mama wa huyu."

Halafu akatuambia kwamba wataalamu wa nyota wana tabia ya ajabu: kila kitu kisicho haidrojeni wala heli wao wanakiita metali.

"Hata makaa, Mwalimu?"

"Hata makaa."

"Hata hewa tunavuta?"

"Hata hiyo. Usiniulize mimi, sikuwako walipoamua."

Msichana mmoja wa nyuma, mchokozi, akainua mkono. Kisa cha ndizi kilijulikana mji mzima. "Mwalimu, na mtu akiosha?"

Mwalimu alitazama viatu vyake kwa muda. "Mtu huyo ni mjinga," alisema. "Lakini anaweza kuleta kuni."

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka. Aliwagombeza wavulana waliotafuna miraa, na shamba la baba yake lilikuwa la miraa. Ukimkumbusha alisema, "Mimi nimesomeshwa na miraa, ndiyo maana naijua." Alituambia ushirikina ni uvivu wa kufikiri, lakini hakufagia nyumba jua likishazama. Aliimba sauti nzito kanisani Jumapili, na Ijumaa alikatiza somo mwenyewe na kuwafukuza wavulana Waislamu waende msikitini, hata wale waliotaka kubaki. Na alikuwa mwoga. Ninalisema kwa mapenzi, lakini ni lazima niliseme. Mtu aliyezungumza juu ya joto la mamilioni ya digrii kama anayezungumzia chai, aliogopa sindano. Wauguzi walipokuja shuleni kutuchanja, tulimtafuta atupange mstari, tukamkuta kwenye stoo ya maabara amejifungia na mizani.

Woga huo ulikula macho yake. Yalianza kumwibia pembeni. Aligonga mbuzi, akagonga baiskeli, akamsalimu mtu upande ambao mtu hayuko. Daktari wa macho alikuwa akipita kwenye hospitali ya misheni mara moja moja, na alimwambia wazi: ni presha ya macho, yapasuliwe mapema, kwa sababu kilichokwisha kuchukuliwa hakirudi. Mwalimu alinieleza ugonjwa wake vizuri sana, na mchoro akanichorea. Daktari alipokuja tena, mwalimu alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Mara nyingine alikuwa na matanga kwao. Mara nyingine hakuwa na sababu, alikuwa tu hayupo.

"Mwalimu," nilimwambia, wakati huo nimeshatoka chuo cha ualimu na nimerudi kufundisha mjini, "wewe unataka kuona nyota ama hutaki?"

"Nataka."

"Basi nenda upasuliwe."

"Muhula ukiisha."

"Mwenye macho haambiwi tazama. Si ni wewe ulisema?"

Alicheka, akageuza maneno. Nilikasirika nikaondoka bila kuaga. Kusema kweli, mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo hasira inanipanda, na chini ya hasira kuna huzuni.

Ulipokuja ule ukame wa themanini na nne, ng'ombe wa watu waliisha. Maziwa yakawa hadithi. Mama aliendelea kuchoma ejers na kuifukiza gorfa tupu kila asubuhi. Mwalimu alikuja kuketi naye, akiwa amestaafu na anatembea kwa fimbo, na akamwuliza, "Sasa mama unafukiza nini na maziwa hakuna?"

"Nafukiza isisahau," mama alisema.

Baadaye mwalimu aliniambia kwamba katika miaka yote ya kufundisha hakuwahi kupata mwanafunzi aliyeielewa galaksi ya yai kama mama yangu. Mama alifariki mvua ilipokuwa imesharudi na majani yamekuwa kijani. Siku ya mazishi mwalimu alisimama nyuma ya wanaume, mzigo wa vijiti begani. Vilikuwa vya mwisho alivyowahi kuleta, kwa sababu hakuweza tena kusafiri peke yake.

Kisha ukaja mwaka wa themanini na saba, na nyota ikapasuka.

Niliisikia kwa redio nikipika, na nikaunguza ugali. Si ndani ya galaksi yetu, walisema, ni katika galaksi ndogo jirani, kusini, na inaonekana kwa macho. Nilikamua ng'ombe mmoja niliyekuwa naye, nikajaza gorfa ya mama, nikavuka barabara kabla ya magharibi. Nilikuwa nimepanga jinsi ya kumwambia. Mlango ulifunguliwa na mtoto wa mdogo wake, msichana aliyekuwa ametoka Meru majuzi kuja kumpikia. Akapokea gorfa kwa mikono miwili.

"Baba mkubwa yuko nyuma," alisema. "Kila jioni husimama hapo tu. Tangu alisikia mambo ya nyota kwa redio."

Alikuwa ameijua siku nyingi, na hakumwambia mtu. Mji mzima uliokuwa ukimtania kila siku haukusikia neno. Nilimkuta nyuma ya nyumba, viatu vinameta, mkono kiunoni, uso ameuelekeza kusini, na macho yaliyoweza kutambua taa ikiwa karibu, basi.

"Ni wewe, Mama Maziwa," alisema. Ndivyo alivyoniita tangu utoto.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Kuna mawingu?"

"Yako. Yamefunika mlima wote."

"Tungoje."

Tukangoja. Mlima Kenya ulikuwa umejifunika kama bibi harusi, na mawingu ya masika yalitambaa kuelekea kwetu. Nikaomba kwa Mungu waziwazi, kwa sauti. Giza lilipoingia upepo ukafungua upande wa kushoto wa mlima. Nikaiona nyota kubwa nyeupe ya kusini ambayo madereva wetu wa Kisomali waliiita Suheli. Nikashuka kutoka hapo kama alivyonifundisha, mpaka kwenye kile kiwingu cheupe kisichosogea, ambacho ndicho galaksi yenyewe. Pale pembeni palikuwa na nyota ambayo haikuwapo maisha yangu yote.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema polepole. "Sasa mimi niambie."

"Ipo, Mwalimu."

"Usinidanganye."

"Wallahi ipo. Ni ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

"Kama kichwa cha pini. Ina wekundu kidogo."

"Inatikisika?"

"Kidogo. Iko chini chini."

"Ndogo hivyo," alisema, na akacheka, na katikati ya kicheko sauti ikamkatika. "Ningeenda kwa daktari. Sindano moja. Ningeenda." Nikamshika mkono. Alipotulia akaanza kufundisha, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kulia. Hii si kama zile za galaksi ya yai, alisema. Hii ni nyota nene iliyokufa kijana. Lakini chuma ni chuma. Itakitupa, kitaelea, na siku moja kitakuwa ndani ya kitu fulani ambacho hakitajua kilitoka wapi.

Msichana akatuletea viti na maziwa kwa vikombe, akarudi ndani. Mwalimu akaketi, akanywa funda moja. Akasimamisha kikombe hewani.

"Huyu ni mama yako," alisema.

"Ni gorfa yake, Mwalimu. Naifukiza kwa vijiti vyako vya mwisho."

"Si vijiti. Vijiti navijua. Huyu ni yeye." Akanywa tena, taratibu, macho yameelekea kule kusini yasikokuona. Mimi nilikuwa nalia, nalia kabisa, wala sikujificha, maana ni nani angeniona?

Ndipo tukasikia maji. Kwenye mfereji wa uani beseni lilikuwa linajaa, na juu ya sauti ya maji ilikuja ile ya pakiti ya sabuni ikipasuliwa.

Kabla sijaelewa, mwalimu alikuwa ameinuka. Kikombe kilianguka. Aliacha fimbo, akapiga kiti teke, akagonga ukuta kwa bega na kuendelea, mikono mbele, akipiga kelele ambayo hakuna darasa lililowahi kuisikia kwake. "Wacha! Wacha hiyo! Usiiguse!" Nilipomfikia alikuwa ameishika gorfa na kuikumbatia kifuani, kavu, mguu mmoja umezama kwenye tope la mfereji mpaka juu ya kiatu, na hakuinama kukipangusa.

Msichana alisimama na brashi mkononi, karibu kulia. Alikuwa amelelewa vizuri. Kwao chombo cha mtu hakirudishwi kichafu.

"Lakini Baba mkubwa," alisema, "hii kitu inanuka moshi."

"Ndiyo maana," alisema mwalimu, akanitafuta gizani kwa mkono, akanipa gorfa yangu.